Mdaiwa ana nini? Kabla hujapeleka deni la biashara kortini Lamu na Malindi

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mokowe aliyekopesha mifuko 200 ya saruji, mvuvi wa Kizingitini anayedai pesa za kamba, fundi wa Matondoni aliyeshusha mashua majini na kubaki na nusu ya malipo, muuza mboga wa Malindi anayeingiza mzigo hotelini kila alfajiri: kila mmoja hufika siku ya kujiuliza kama aende kortini. Wengi hujiuliza wakiwa wamekasirika, na swali lao huwa "Je, nina haki?" Haki ipo karibu kila mara. Linaloamua kama utaziona pesa zako ni jingine: mdaiwa ana nini ambacho mahakama inaweza kukifikia, na wewe una karatasi gani ya kuifikisha mahakama hapo?

Yafuatayo yanafuata sheria za Kenya, na yanahusu madeni ya bidhaa na huduma.

Angalia msimu kwanza

Malindi na Watamu pesa za hoteli zina msimu. Huingia kwa wingi Desemba hadi Machi, hurudi kiasi Julai na Agosti, na kati ya Aprili na Juni hoteli nyingi hufunga au hubaki na walinzi tu. Kwa upande wa Lamu, upepo wa kusi ukikaza bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki, na wavuvi pamoja na wanaonunua samaki wao hubanwa kwa pamoja.

Kwa hivyo kuchelewa kwa mtu mmoja si sawa na kuchelewa kwa mwingine. Hoteli iliyokulipa vizuri miaka 3 kisha ikakwama Mei, huenda ikalipa msimu ukirudi. Hoteli isiyokulipa Februari, vyumba vimejaa na boti za watalii zinatoka kila asubuhi, pesa inazo, ila imeamua wengine walipwe kabla yako. Huyo wa pili ndiye wa kuharakishwa.

Yule wa kwanza mpe muda, lakini muda ulioandikwa. Wafanyabiashara wetu wengi huikumbuka aya ya 280 ya Suratul Baqarah, inayotaka mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inaagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi, na hiyo husahaulika. Wahenga nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi ya kukiri deni

Hii ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote, na ni rahisi kuipata wakati bado mnaongea vizuri. Mdaiwa akishakasirika haipatikani tena. Andika ukurasa mmoja wenye jina kamili la mdaiwa kama lilivyo kwenye kitambulisho au usajili wa kampuni, nambari za ankara zote, kiasi kilicholipwa, salio kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe za malipo na kiasi cha kila tarehe, na sentensi moja isemayo kwamba akikosa awamu moja, salio lote litadaiwa mara moja. Bila sentensi hiyo, mdaiwa aliyekosa awamu ya kwanza anaweza kusema awamu nyingine hazijafika. Atie sahihi, nawe utie, na mashahidi 2.

Kazi ya karatasi hii haiishii kwenye ushahidi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda wa Madai, deni la mkataba hufa kimahakama baada ya miaka 6 tangu siku lilipopaswa kulipwa. Mdaiwa akikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu ya deni, miaka 6 huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Kukiri kwa mdomo hakusogezi chochote, hata mbele ya mashahidi 10. Kama una ankara nyingi kwa mteja mmoja, usiihesabu miaka kuanzia ankara ya mwisho. Kila ankara ina saa yake.

Chunga neno moja. Barua ya mdaiwa ikiwa na kichwa kinachosema imeandikwa bila kuathiri haki za mwandishi (kwa Kiingereza "without prejudice"), ni ya mazungumzo ya upatanishi, na kwa kawaida haiwezi kutumika kortini kuonyesha kwamba amekiri. Furaha ya kuipokea isikufanye uache kuomba nyingine isiyo na kichwa hicho.

Mdaiwa akikataa karatasi, tumia simu. Mwandikie hivi: "Assalaam alaykum Bwana Fulani. Kama tulivyozungumza jana, salio la ankara nambari 41 na 44 ni shilingi 184,000. Nithibitishie kama ndivyo, na tarehe utakayolipa." Jibu la "Ndiyo, nitalipa mwisho wa mwezi" si imara kama sahihi, lakini linaweza kupokelewa kortini kama ushahidi wa kielektroniki. Usiifute gumzo hiyo wala usiuze simu. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari na tarehe, na uwe tayari kuambatanisha cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na nani alizitoa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakidai cheti hicho, na mahakama za kawaida huwa kali juu yake. Pamoja na hizo weka taarifa ya M-Pesa, na nakala za hati za kupokea mzigo zilizosainiwa. Sahihi ya mpishi au mlinzi bila jina huleta shida sana baadaye, kwa sababu hoteli itasema haimjui. Dai jina, cheo na muhuri tangu siku ya kwanza.

Kungoja kuna mwisho

Jiwekee tarehe kabla hujaanza kungoja, usiingoje hasira ikuchagulie. Dalili hizi zikitokea, ifupishe tarehe hiyo: amevunja ahadi 2 za tarehe kamili mfululizo, ameanza kulalamikia ubora wa mzigo miezi baada ya kuupokea bila neno, anakuagiza mzigo mpya kwa mkopo ili "alipe yote pamoja", hundi yake imerudi, anabadilisha jina la biashara, anauza magari au vyombo. Mzigo mpya kwa mkopo ukatae palepale. Madeni mengi makubwa ya Malindi yalianza yakiwa madogo, yakakuzwa na muuzaji mwenyewe kwa kuogopa kumpoteza mteja ambaye alikuwa amepotea tayari.

Akiwa mgeni ambaye biashara yake inafungwa na yuko karibu kuondoka nchini, usingoje kabisa. Kanuni za Mwenendo wa Madai, Agizo la 39, zinaruhusu kuiomba mahakama imtake aweke dhamana au izuie mali yake kabla ya hukumu. Unahitaji ushahidi wa kweli kwamba anahamisha mali au anaondoka ili kukwepa deni, kama tangazo la kuuza vifaa au notisi ya kuvunja upangaji. Tetesi za barazani hazitoshi. Akishatoka nchini, kumfikishia hati kunahitaji kibali cha mahakama, na hata ukishinda, mali ya kushika haipo.

Tafuta mali kabla ya wakili

Siku mbili za uchunguzi huokoa mwaka wa kesi, na hapa ndipo tungependa msomaji atumie nguvu zake nyingi.

Anza kwa kujua unamdai nani. Jina lililo juu ya mlango si lazima liwe mtu wa kushtakiwa. Tafuta usajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa Huduma ya Usajili wa Biashara. Kama ni jina la biashara tu, unamshtaki mwenye jina hilo, na nyumba na gari lake vinaweza kufikiwa. Kama ni kampuni yenye dhima yenye mipaka, unaishtaki kampuni, na mali ya mkurugenzi haiguswi isipokuwa alisaini kuwa mdhamini. Udhamini wa deni la mwingine lazima uwe kwa maandishi yenye sahihi. Sheria ya Mikataba inasema hivyo katika kifungu cha 3. "Mimi nipo, usiwe na wasiwasi" haina nguvu mahakamani.

Kisha angalia anachomiliki. Majengo ya hoteli mengi ya Malindi na nyumba za wageni za Shela hupangwa, na samani zinaweza kuwa za mwenye nyumba. Dalali wa mahakama akizishika, mwenyewe huweka pingamizi na wewe hubaki na gharama. Gari, litafute kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, uone kama benki ni mmiliki mwenza. Kiwanja, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi uone kama kimewekwa rehani. Injini za boti, jenereta na bidhaa za dukani zinaweza kuwa dhamana ya mkopo tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya 2017, na daftari lake linatafutika kupitia eCitizen. Andika pia benki yake ni ipi. Hundi yoyote aliyowahi kukupa ina jina la benki na nambari ya akaunti, nayo ni mali ya kukamatika kuliko viti 40 vya plastiki.

Kuna vitu ambavyo sheria hairuhusu vichukuliwe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinalinda nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia, na zana ambazo mtu anazihitaji kwa kazi yake. Fundi seremala mwenye misumeno na kitanda tu hana kitu cha kukulipa, hata ukiwa na hukumu 5.

Hesabu ya kuamulia

Chukua karatasi. Tuseme deni ni shilingi 184,000 na una hati zilizosainiwa za 150,000 tu. Hesabu yako ianze na 150,000. Toa ada za mahakama, nakala, mpelekaji hati, nauli ya Faza hadi Amu (mji wa Lamu) au Mambrui hadi Malindi kila tarehe, siku ambazo duka litafungwa, na malipo ya dalali ambayo utayatanguliza wewe. Tuseme vyote vimefika 45,000. Zimebaki 105,000. Sasa jiulize: mali niliyoiona kwa macho yangu, isiyo ya benki wala ya mwenye nyumba, inaweza kuuzwa mnadani kwa kiasi gani? Mnada hauleti bei ya dukani. Kama jibu ni chini ya 60,000 na mdaiwa yuko tayari kulipa 90,000 kwa miezi 3, chukua 90,000 kwa karatasi iliyosainiwa. Kama mali ni gari lisilo na rehani, nenda kortini bila kusita.

Gharama huweza kurudishwa na mshindwa, lakini usizihesabu kama pesa ya hakika. Riba ni hivyo hivyo: kama haikuandikwa kwenye mkataba, kiwango chake kiko kwa mahakama. Mfanyabiashara asiyetaka riba kwa sababu za dini aiache tu kwenye maombi yake. Hilo halipunguzi deni wala gharama za kesi.

Barua ya madai

Usifungue kesi bila barua hii. Kanuni zinataka nakala yake iambatane na hati ya kesi, na asiyeitoa anaweza kunyimwa gharama hata akishinda. Unaweza kuiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Itaje kiasi kamili, ankara, tarehe za kupokelewa mzigo, nambari ya akaunti au ya M-Pesa ya kulipia, na siku ya mwisho yenye tarehe. Siku 7 hadi 14 zinatosha. Usiandike "haraka iwezekanavyo". Usimtishie jela wala kumtangaza msikitini au kwenye kundi la WhatsApp. Vitisho hivyo humpa madai yake mwenyewe dhidi yako. Ipeleke kwa mkono, apokee kwa sahihi kwenye nakala yako, na uitume pia kwa barua pepe.

Kosa la kawaida ni kutuma barua 4, kila moja ikisema ni ya mwisho. Ya pili ikishapita bila kitendo, mdaiwa amejifunza kwamba tarehe zako hazina maana.

Mahakama ipi

Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linaingia katika Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016. Hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa kesi, unaweza kujisimamia bila wakili, kanuni za ushahidi hazikazwi sana, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa suala la sheria tu. Uliza masjala ya mahakama ya Lamu au Malindi ikuelekeze kwa hakimu wa madai madogo anayehudumia eneo lako. Deni la 1,150,000 usiligawe vipande viwili. Unaweza kuiachilia ile 150,000 ya ziada ili uingie, na mara nyingi inafaa.

Zaidi ya hapo ni kwa mahakimu, kwa daraja: hakimu mkazi hadi milioni 5, hakimu mkazi mwandamizi 7, hakimu mkuu wa kawaida 10, hakimu mkuu mwandamizi 15, hakimu mkuu wa kituo 20. Ndani ya mahakama hizo, kama deni ni kiasi kinachojulikana na mdaiwa hana utetezi wa maana, omba hukumu ya mkato, yaani bila kesi kusikilizwa yote, chini ya Agizo la 36 la Kanuni za Mwenendo wa Madai.

Unaweza kushtaki mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au mahali jambo lilipotokea. Kampuni ya Nairobi iliyopokea mzigo Lamu inaweza kushtakiwa Lamu. Andika kwenye ankara zako kwamba malipo ni Lamu au Malindi. Mstari huo mmoja unaweza kukuokolea safari.

Kampuni inayodaiwa shilingi 100,000 au zaidi inaweza kupewa notisi ya kisheria ya siku 21 chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, na ikishindwa kulipa ombi la kuifunga likafuata. Ni silaha kali kwa deni lisilobishaniwa. Kampuni ikiwa na ubishi wa kweli, mahakama italitupa ombi lako na kukutoza gharama.

Deni la serikali ya kaunti lina njia yake. Mali ya serikali haishikwi na dalali. Ukishinda unapata cheti cha amri, na ofisa asipolipa unarudi Mahakama Kuu kuomba alazimishwe. Ukomo wa miaka pia huenda ukawa mfupi, kwa hivyo chukulia una miaka 3 na si 6. Kabla ya yote hakikisha una agizo la ununuzi la maandishi, maana mzigo uliopelekwa kwa simu ya ofisa ni vigumu mno kuudai.

Hati imfikie mtu anayestahili

Kesi nyingi nzuri huvunjikia hapa. Kampuni hupelekewa hati kwa katibu, mkurugenzi au ofisa mkuu, au kwenye ofisi yake iliyosajiliwa. Hati aliyoachiwa askari wa lango la hoteli iliyofungwa Mei itakupa hukumu ya upande mmoja, kisha Desemba mwenye hoteli atarudi, aseme hakuiona, na hukumu itafutwa. Tangu 2020 kanuni zinakubali pia barua pepe na programu za ujumbe za simu, mradi ni anwani au nambari anayoitumia. Mpelekaji aape kiapo chenye saa, mahali, na jinsi alivyomtambua mpokeaji.

Ukiwa na hukumu mkononi

Hukumu ina uhai wa miaka 12, kwa hivyo huna sababu ya kuitekeleza siku ambayo mdaiwa hana kitu. Hapa msimu unarudi. Maombi ya kushika pesa zilizo benki yana maana Januari, wageni wanapolipa. Mei yatakuta akaunti tupu na ada yako imekwenda. Dalali wa mahakama huorodhesha mali kwanza na kumpa mdaiwa siku 7 kabla ya kuibeba, na wengi hulipa ndani ya siku hizo. Chagua dalali mwenye leseni, na mpe orodha ya mali uliyoichunguza mwanzoni.

Jela ya deni ipo, lakini mahakama haimfungi mtu kwa sababu ni maskini. Lazima uonyeshe kwamba anao uwezo na anakataa.

Milango isiyo yako

Polisi hawakusanyi madeni. Hundi iliyorudi inaweza kuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu, lakini si iliyoandikwa tarehe ya mbele, na ndizo hizo wengi hupokea. Usiende kubeba friji ya mdaiwa mwenyewe, hata kama wewe ndiye uliyemuuzia, utageuka mshtakiwa. Kama mzigo bado uko boharani kwako na hujalipwa, huo unaweza kuuzuia, na sheria ya mauzo ya bidhaa iko upande wako.

Usuluhishi wa wazee, imamu au wa mahakama unafaa sana pale ubishi ni wa kiasi au ubora wa mzigo. Katiba inautambua, ibara ya 159, na makubaliano ya usuluhishi wa mahakama hupokelewa kama hukumu. Haufai kwa mtu anayekiri deni na hataki tu kulipa; huyo hupata miezi mingine 6 ya bure.

Kadhi hasikilizi deni la biashara kati ya watu 2 walio hai. Mamlaka yake, ibara ya 170, ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Mdaiwa Mwislamu akifariki, mambo hubadilika: madeni hulipwa baada ya gharama za maziko na kabla ya wasia na mgao wa warithi. Familia ikifungua mirathi kwa Kadhi, peleka madai yako huko kwa maandishi, na karatasi ya kukiri deni juu yake, kabla mgao haujafanywa. Kuwafuata warithi mmoja mmoja baada ya mgao ni kazi ya miaka.